Siku Tuliyochemsha Chai kwa Roho ya Chelo

Nawasikia huko karakanani mnacheka. Mnaulizana kama ni kweli Mzee Anguyo aliwahi kumnywesha mpiga muziki chai iliyopikwa kwa chombo chake mwenyewe. Acheni kuulizana pembeni, sogeeni niwaambie mimi, kwa sababu mke wangu Mama Ayikoru akisimulia anatia chumvi, na kila mwaka mimi natoka mjinga zaidi ya mwaka uliopita. Jibu ni ndiyo, ni kweli. Chai ilikuwa tamu sana, na mwenye chombo aliomba kikombe cha pili.

Kwa ninyi mlioanza kazi juzi na hamnijui vizuri: mimi ni seremala wa Awindiri, hapa hapa Arua. Nimetengeneza milango, vitanda, makabati na madawati mpaka vidole vyangu vikawa na umbo la mpini wa nyundo. Sasa nimestaafu. Maana yake nakaa kwenye kiti kile kile, mahali pale pale, ila ninyi ndio mnaoshika msumeno na mimi ndiye ninayelalamika. Ni kazi nzuri, nawatakieni muifikie.

Kabla ya chelo lazima niseme habari za gundi. Msikunje sura. Bila gundi, chelo isingefika mlangoni kwangu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa fundi mmoja aliyevuka kutoka Congo, upande wa Ariwara, jina lake Kasereka. Alikuwa mfupi, mkali, na alikuwa anavaa koti hata kwenye jua la mwezi wa pili. Kasereka hakupenda misumari. Alichemsha gundi yake mwenyewe kwa vipande vya ngozi ya ng'ombe: anaviloweka, anavipasha moto polepole bila kuacha maji yatokote, anachuja, na inayobaki ni kitu cha rangi ya asali na harufu ya kukimbiza wageni. Siku ya gundi, mbwa wote wa Awindiri walikuwa wanahamia kwetu, na majirani wote walikuwa wanataka kuhama.

Mimi nilimwambia, mwalimu, madukani kuna gundi nyeupe ya kopo, haina harufu, inakauka haraka, kwa nini tujitese? Akanitazama, akasema, "Wewe unataka kufunga kama jela. Fundi anafunga kitu ambayo mutu ingine anaweza fungua kesho."

Sikumwelewa mpaka siku ya kabati la Adumi. Bibi harusi wa Adumi alitaka kabati la milango mitatu. Nikalitengeneza zuri, nikalipiga vanishi, tukalibeba kwa gari mpaka kule, na tulipofika kwenye nyumba ya maharusi tukakuta mlango wa nyumba ni mwembamba kuliko kabati. Sikupima mlango. Nilipima ukuta, nilipima dari, nilimpima mpaka bibi harusi urefu wa gauni lake, mlango sikupima. Wageni wamejaa uwanjani, shangazi wa bwana harusi anasema wabomoe ukuta, na mimi natafuta njia ya kurudi Arua kwa miguu. Kasereka akaomba sufuria ya maji ya moto na kisu chembamba. Akayapitisha maji kwenye viungo, gundi ya ngozi ikalegea, kabati likaachana vipande vipande kwa upole, tukaliingiza ndani kwa mikono na kulifunga upya. Watu walifikiri ni sehemu ya sherehe. Walitupigia makofi.

Nilitumia gundi nyeupe mara moja tu nilipokuwa peke yangu, tena nikaitia maji ili iende mbali. Nilitengeneza benchi za mashabiki wa Onduparaka. Mnawajua watu wa Onduparaka na mpira. Timu ya mtaa ilifunga bao, benchi zote zikakaa chini kwa wakati mmoja, na mashabiki waliendelea kushangilia wakiwa wamekaa kwenye vumbi bila kutambua. Walitambua baada ya filimbi ya mwisho, na walinitafuta wiki nzima.

Sasa chelo.

Ilikuwa Alhamisi, karibu na adhuhuri, nikiwa nimeshastaafu. Likasimama gari dogo la abiria mbele ya karakana, wakateremka binti mmoja aliyejifunga mtandio wa njano, na kijana mrefu mwenye miwani. Binti alikuwa amebeba mgongoni sanduku jeusi, kubwa, lenye kiuno. Mama Ayikoru alipoliona akajishika mdomo. Alidhani wameleta maiti ya mtu mnene.

"Shikamoo, Mzee," binti akasema. "Wanasema wewe iko na gundi ya ngozi."

Hilo tu lilinifanya nisimame. Miaka mingi hakuna mtu aliyeniuliza gundi ya ngozi isipokuwa kwa kulalamika.

Jina lake Sauda, mtoto wa Koboko, katika familia za Wanubi wa pale mjini. Kijana mwenye miwani aliitwa Wasswa, mkuu wa kikundi chao cha muziki wa nyuzi kutoka Kampala, watu tisa pamoja na Sauda. Walikuwa wanakwenda kupiga muziki Koboko siku ya Jumamosi, baada ya alasiri. Njiani joto na matuta vilikuwa vimeifungua chelo ubavuni, mshono mzima, ukaweza kuingiza ukucha. Chelo, kwa ambaye hajaiona, ni ndugu mkubwa wa violini. Mpigaji anakaa, anaiweka katikati ya magoti, anaikwaruza kwa upinde, na inatoa sauti ya mtu mzima anayefikiri.

Wasswa akanieleza kuwa watapiga konseto. Nikauliza ndiyo nini. Akasema ni muziki ambao chombo kimoja kinatangulia kusema na wengine wote wanakijibu, na hii yao ni ile maarufu, ambayo kila mpiga chelo duniani anataka kuipiga kabla hajafa. Iliandikwa kwa bendi kubwa ya watu kama ukumbi mzima, yeye amekaa miezi akiipunguza iwatoshe watu tisa. Nilimheshimu hapo hapo. Kupunguza kitu bila kukivunja ni useremala.

Lakini jambo lenyewe alinieleza Sauda alipokuwa analegeza nyuzi. Mama yake, Hajati Zaitun, ana duka la vitambaa Koboko, duka aliloachiwa na mama yake. Sauda ndiye binti pekee. Hajati alikuwa amechoka kusubiri mtoto anayezunguka na sanduku.

"Nimeapa kwake," Sauda alisema. "Nitapiga mbele yake, nyumbani, mara moja. Akisikia halafu akisema rudi dukani, Jumatatu naketi dukani. Chelo nauza."

"Akisema hivyo kweli utaiuza?"

"Mzee, nimeapa."

Alisema kwa sauti ya kawaida, huku anavingirisha uzi kwenye kidole. Nikamwambia aniachie chombo, aende akaswali, akapumzike, kesho asubuhi atakikuta kizima.

Vijana, kazi ya gundi niliifanya vizuri, na hapo sitaki utani. Nilipasha gundi kwenye sufuria ndani ya sufuria, nikaiingiza kwenye mshono kwa kisu chembamba, nikaufunga ubavu kwa mpira wa ndani wa baiskeli, kuzunguka na kuzunguka, kwa sababu mpira unabana bila kuumiza. Jiliwa ya chuma ingeuacha na kovu. Nikaigeuza chelo kidogo niangalie upande wa pili, na humo ndani nikasikia kitu: ko, ko, ko.

Sasa niulizeni. Seremala akisikia kitu kinagonga ndani ya kabati, anafanya nini? Anakitoa. Kinachogonga ndani ya kazi ya mbao ni takataka iliyosahauliwa na fundi mvivu, na fundi mwenye heshima hairudishi kazi kwa mteja ikiwa na takataka ndani. Nikachungulia kwenye lile tundu la kujipinda lililo kifuani mwa chelo, nikaona kijiti. Cha mviringo, unene wa kidole kidogo, hakijagundishwa popote, hakina tundu, hakina msumari. Nikasema, tazama mafundi wa Ulaya, hata wao wanasahau vipande. Nilifurahi, nawaambia ukweli. Nikakivuta kwa waya, nikakitupa kwenye maranda, nikapangusa mikono.

Asubuhi ya Ijumaa Sauda na Wasswa wakaja. Mama Ayikoru alikuwa amewasha sigiri kwa maranda kama kila siku, chai ya tangawizi iko tayari. Tukanywa. Sauda akasema hajawahi kunywa chai kama ile, akaomba tena. Mimi nikafungua mipira, mshono umeshika, huwezi hata kuona palipokuwa na ufa. Nilisimama pale na kikombe changu kama bwana harusi.

Sauda akasimamisha kile kidaraja kinachobeba nyuzi, akaanza kukaza uzi wa kwanza. Akasita. Akaligonga tumbo la chelo kwa kidole, akainamisha sikio. Akachukua simu, akawasha tochi, akachungulia ndani ya tundu. Akachungulia la pili. Alipoinua kichwa, uso ulikuwa umebadilika.

"Mzee," akasema polepole, "kijiti iko wapi?"

"Kijiti gani?"

"Ya ndani. Iko inasimama hapa chini ya daraja."

"Aa, ile takataka? Nilikutolea, binti yangu. Usijali."

Wasswa akavua miwani. Sauda akakaa chini kwenye maranda.

"Umeweka wapi?"

Niliangalia maranda. Kisha nikaangalia sigiri. Sauda akaangalia nilikoangalia. Wasswa naye. Mama Ayikoru akatuangalia sote watatu, akaangalia birika, akasema, "Baba Ayikoru, mimi napika na maranda yako kila siku. Hakuna mutu aliniambia leo iko na wageni ndani."

Akachukua koleo, akapekua majivu, akatoa kipande kilichobaki. Nusu ya kijiti, kichwa cheusi, bado kinafuka moshi. Akakiweka juu ya kopo kwa heshima kubwa.

Ndipo Sauda akanieleza, kwa utaratibu, akiwa ameshika kikombe chake cha pili bila kujua afanye nini nacho. Kile kijiti hakigundishwi. Kinasimama kwa kubanwa tu, kati ya kifua na mgongo wa chelo, na ndicho kinachoichukua sauti ya nyuzi na kuifikisha nyuma. Ukilegeza nyuzi zote kinaweza kuanguka, na hicho ndicho nilichokisikia kikigonga. Kisipokuwepo, chelo inakuwa boksi, tena ukikaza nyuzi kifua chake kinaweza kupasuka. Wafaransa wanakiita roho.

"Roho?" Mama Ayikoru akauliza.

"Roho, Mama."

"Basi tumekunywa roho," akasema, na midomo yake ikaanza kutetemeka. Akajizuia. Akashindwa. Alicheka mpaka akaegemea mlango, Wasswa akamfuata, na mwisho Sauda naye, anacheka na machozi yanamtoka, na mimi nilikuwa sijui machozi yale ni ya upande gani. Mimi sikucheka. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata kwa mashabiki wa Onduparaka. Nilikuwa nimetupa dukani maisha ya mtoto wa mtu kwa sababu ya usafi.

Nikasema, "Nitatengeneza nyingine." Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua anachosema, na sikujua chochote.

Sikilizeni hapa, maana hapa mna cha kujifunza. Kwanza mti. Nilichukua mvule, Sauda akaugonga, akatikisa kichwa: mzito, unameza sauti. Mkangazi pia akaukataa. Nikatazama ile nusu iliyoungua: mti mwepesi, mweupe, nyuzi zake zimenyooka kama mistari ya daftari. Kitu kama paini. Paini gani Awindiri iliyokauka miaka na miaka? Nikakumbuka banda la kuku. Nililijenga zamani kwa mbao za yale makreti ya misaada yaliyokuwa yanaingia na malori, mbao za paini kutoka ng'ambo, zimepigwa jua na mvua mpaka haziwezi tena kuvimba wala kujikunja. Nikang'oa ubao mmoja. Kuku wakatoka wote kwa kelele, jogoo akamrukia Wasswa, na tuliwakamata siku mbili baadaye kwa majirani.

Pili, usikate kwa msumeno. Pasua. Weka patasi, gonga mara moja, acha mti wenyewe uchague njia. Ukikata kwa msumeno unakatisha nyuzi za mti katikati. Ukipasua, zinakwenda kutoka mwisho hadi mwisho bila kukatika, na sauti inapita humo. Mashine yenu mnayoipenda haiwezi kujua hilo.

Tatu, kupima mahali usipoweza kufikisha mkono. Kasereka alinifundisha kwa fremu za milango: chukua vijiti viwili vyembamba, viweke ubavu kwa ubavu, vishike pamoja, viteleze mpaka kimoja kiguse juu na kingine kiguse chini, tia alama, vitoe. Urefu unao. Tuliviingiza kwenye tundu la chelo, Sauda akimulika kwa tochi na kutazama kwa kile kioo chake kidogo cha kupakia wanja.

Nne, kukisimamisha. Humo ndani mkono hauingii. Nikachukua spoki ya baiskeli, nikaikunja mara mbili, nikainoa ncha, nikakichoma kijiti ubavuni na kukipitisha kwenye tundu. Kikaanguka. Nikakipitisha tena, kikaanguka. Kila kikianguka Wasswa alikuwa anasema "pole" kwa sauti ndogo, mpaka nikamwomba aende akatafute kuku. Adhana ya Ijumaa iliita, Sauda akaenda na kurudi, na mimi bado nilikuwa nimeinama. Kisha kikasimama. Nikaogopa kupumua.

Akakaza nyuzi, akapiga. Ilitoa sauti, sauti nzuri, mimi nikaruka. Sauda akasema, "Iko inabana kidogo. Ipunguze, Mzee, kidogo tu."

Na hapa ndipo nilipokosea mara ya pili. Mimi ni fundi wa milango. Maisha yangu yote kiungo kinachobana ndicho kizuri, na kilicholegea ni aibu. Nikamwambia, "Binti yangu, kitu kisichobana kinaanguka." Alikuwa na adabu, hakubishana na mzee. Tukaacha hivyo. Lakini nilijua kuwa sauti ile ilikuwa na kitu shingoni, na asubuhi ya Jumamosi nikatia spoki na patasi mfukoni, nikapanda nao kwenda Koboko.

Joto la Koboko mnalijua. Tulifika, chelo ikakaa saa mbili katika chumba cha darasa kando ya ukumbi, mbao zikajikaza, na Sauda alipoipiga ikatoa sauti ya mtu aliyezibwa mdomo kwa kanga. Akanitazama. Saa moja tu ilikuwa imebaki.

"Legeza nyuzi," nikasema. "Nilikosea jana. Ulisema kweli."

Nilipokuwa nimepiga magoti na spoki yangu ndani ya chelo, mlango ukafunguka, akaingia mama mmoja mrefu, amejifunga gurbaba ya bluu na dhahabu, lile vazi la wanawake wa Kinubi, na udi unamtangulia. Nilijua ni nani kabla hajasema.

"Fundi," akasema, "hiyo kitu iko baiskeli?"

"Hapana, Hajati."

"Na spoki ni ya nini?"

Nikamwambia ukweli wote, isipokuwa chai. Akavuta kiti, akakaa, akanitazama ninavyokwangua unga mdogo kwenye kijiti, nakipima, nakwangua tena.

"Mimi si mubaya," akasema, bila kumtazama binti yake. "Watu wanafikiri mimi nakataza tu. Mimi naogopa. Mama yangu alikaa kwa duka ile mpaka amezeeka, mimi nimekaa. Siku mimi naugua, huyu iko mbali na sanduku yake. Nani atanifungulia mlango? Hii muziki itamshika mkono akiwa muzee?"

Sauda alikuwa amesimama kando ya ubao wa darasa. Akasema, "Sijui, Mama. Sikiliza tu leo. Halafu useme."

"Nitasema," Hajati akajibu, akatoka.

Kijiti kilisimama mara ya kwanza. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu mara hii nilikiacha kiegemee tu, bila kukisukuma. Sauda akapiga uzi mmoja wa chini na nikausikia kwenye magoti yangu.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na wazee wa msikitini, wafanyabiashara wa Sudan Kusini, wanafunzi, na safu tatu za akina mama wa Kinubi ambao harusi zote za Koboko zinawategemea kwa ngoma ya doluka. Wasswa akasimama mbele, akaeleza kwa adabu kuwa muziki huu una sehemu tatu, na kwamba desturi yake ni watu kukaa kimya na kutopiga makofi mpaka mwisho kabisa. Akina mama wakamtikisia kichwa kwa huruma, kama wanavyomsikiliza daktari kijana.

Sehemu ya kwanza ilipoisha hakuna aliyemkumbuka Wasswa. Vigelegele! Wamama wakatoka kwenye safu zao, wamefungua leso, wakamzunguka Sauda na kumfuta jasho usoni, shingoni, mpaka mikononi, kama wanavyomfuta mpiga ngoma aliyefanya vizuri. Mmoja akampaka manukato. Mwingine alimfuta Wasswa, kisha akaifuta na miwani yake. Mmoja akamwendea mpiga besi, pande la mtu, ambaye alikuwa hajatoa jasho, akamfuta hivyo hivyo. Wasswa alijaribu kuinua mkono, akaona haina maana, akacheka. Mimi nilikuwa nimejishika kichwa kwa sababu ya kijiti changu, maana jukwaa lilikuwa linaruka. Kikashika.

Hajati hakuinuka. Alikuwa amekaa mbele, mikono imekunjwa, anatazama miguu ya kiti cha binti yake.

Sehemu ya pili ni ya polepole. Sina maneno ya muziki, nitasema ninavyojua. Chelo ilisema jambo, wengine wakaacha, ikalirudia taratibu, na ukumbi mzima ukanyamaza bila kuombwa na mtu. Sikuweza kuamini kuwa sauti ile inapita kwenye ubao wa banda langu la kuku. Nilitaka kumshika mtu wa jirani nimwambie. Katikati ya hapo Hajati Zaitun akasimama. Akajifunga vizuri gurbaba yake, akapita mbele ya watu wote, akatoka nje.

Sauda alimwona. Mlango ulikuwa mbele yake, mwanga wa jua ukaingia na kutoka. Upinde ulitetemeka, nilisikia, sote tulisikia. Kisha akafumba macho akaendelea mpaka mwisho wa ile sehemu, na safari hii hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja karibu yangu alisema kwa sauti ya chini kwamba Hajati ana moyo wa jiwe. Nilikubaliana naye kabisa, na nilikuwa na hasira ya kumfuata nje.

Sehemu ya tatu ni ya mbio, na Sauda aliipiga kama mtu ambaye hana tena cha kupoteza. Vidole sikuviona. Wasswa alikuwa anamkimbilia nyuma na kikundi chake chote, jasho linawatiririka, sasa hata yule wa besi. Walipofika mwisho ukumbi ulilipuka, wamama mbele, leso juu, wanafunzi juu ya benchi, na Sauda amekaa katikati yao na upinde mkononi, anatabasamu kwa midomo tu, macho yako mlangoni.

Mlango ukafunguka. Akaingia Hajati. Nyuma yake akaingia bibi wa duka la sukari, na wauza vikapu, na mama mwenye kuuza samaki akiwa bado na aproni, na wanawake wengine wa sokoni, karibu ishirini, wanajifuta mikono, wanauliza wakae wapi. Funguo za duka zilikuwa zimening'inia mkononi mwa Hajati. Jumamosi, saa ya soko kuchangamka, saa ambayo hakuna mtu wa Koboko aliyewahi kuona mlango wa duka lile umefungwa.

Akaja mpaka mbele, akasimama mbele ya Wasswa.

"Ile ya katikati," akasema. "Ile ya polepole. Rudia. Hawa hawakusikia."

Wasswa akatazama saa. "Hajati, magharibi iko karibu."

"Basi anza mbio."

Wanawake wa sokoni wakakaa chini, sakafuni, kwenye nafasi yote iliyobaki. Sauda alikuwa bado hajapumua. Mama yake akatoa leso, akamfuta paji la uso, mashavu, kidevu, polepole, bila haraka yoyote, sote tukisubiri.

"Mama," Sauda akasema, "na Jumatatu?"

Hajati akakunja leso, akaitia kifuani.

"Duka nitatafuta mutu," akasema. "Wewe piga."